Hamira mbichi, kilo tano za unga na hodi ya alfajiri

Nyumbani Mombasa hamira niliyoijua ni ile ya chenga. Mama aliiweka katika mkebe wa maziwa ya unga juu ya kabati, mbali na mvuke wa jiko, ikakaa humo miezi. Siku ya mahamri alichota kijiko kimoja cha kulia kwa kila kilo ya unga, akakitia kwenye maji ya vuguvugu na sukari kidogo, akafunika kisahani, akaendelea kukuna nazi. Hata siku moja sikumsikia akiizungumzia hamira. Ilikuwa kama chumvi tu.

Mwaka 2017 nilihamia Hamburg. Kwenye friji la duka karibu na nyumba yetu, pembeni ya siagi, nikaona vipande vidogo vya mraba vimefungwa kwa karatasi na kuandikwa Hefe. Hefe ndiyo hamira kwa Kijerumani, na hii ilikuwa mbichi. Kila kipande kina gramu 42 na bei yake haikufika nusu euro. Nilipofungua nyumbani nikakuta kitu baridi, cha rangi ya malai, ukikivunja kinakatika na kumeguka kama jibini. Kilinukia mkate ambao haujaingia jikoni. Nilikipenda hapo hapo, na siku hiyo hiyo nikakosea.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Nilichukua kipimo cha Mama kama kilivyo, kijiko kimoja kwa kilo. Unga ukakaa saa tatu ukanyanyuka kidogo tu. Nikakaanga, mahamri yakatoka mazito, hayana ule uwazi wa ndani wa kutilia mbaazi. Nikampigia Mama.

"Mama, mahamri hayakufura."

"Tui ulilitia la moto?"

"La, vuguvugu."

"Basi hamira yako chache, mwanangu. Au mbovu."

Ilikuwa chache. Katika hamira mbichi, karibu asilimia 70 ni maji. Ile ya chenga imekaushwa, kwa hiyo nguvu zimejaa sehemu ndogo. Hapa Ujerumani pakiti ya hamira kavu ina gramu 7 na hutosha nusu kilo ya unga. Kazi hiyo hiyo hufanywa na nusu ya kipande kibichi, yaani gramu 21. Ukikumbuka mbichi tatu kwa kavu moja hupotei sana. Mimi sikuikumbuka, na safari ya pili nikaruka upande wa pili: nikatia kipande kizima kwenye nusu kilo, jikoni kuna joto, unga ukafura upesi ukashuka, na mahamri yakanuka pombe. Mizani ndogo ya jikoni niliyonunua baada ya hapo imenisaidia kuliko chombo kingine chochote nilicho nacho.

Jambo jingine linalohusu sisi watu wa mahamri ni sukari. Unga wa mahamri una sukari nyingi kuliko unga wa mkate, na sukari nyingi huivuta maji hamira ikafanya kazi kwa uvivu. Ndiyo maana mahamri hutaka muda mrefu zaidi, au hamira zaidi kidogo. Chumvi nayo ni hivyo hivyo. Ukimega hamira mbichi ukaiacha juu ya kijungu cha chumvi, ndani ya dakika chache inayeyuka na kuwa kama uji. Chumvi ichanganye na unga kwanza, hamira ije baadaye.

Miaka miwili ya kwanza ilipita hivyo, nikijifunza kidogo kidogo, mpaka kina mama wa msikitini wakaanza kuniagiza. Mahamri hamsini ya madrasa, mia ya akika. Hapo ndipo nikafanya kosa ambalo nimekaa kuandika haya kwa ajili yake.

Septemba 2019 nilipata agizo la mahamri mia moja, na badala ya kununua vipande vidogo nikanunua bonge la nusu kilo, lile wanalotumia waoka mikate. Kwa gramu lilikuwa rahisi zaidi. Mahamri yale yalifura mpaka yakawa kama mito. Likabaki bonge la gramu kama 400. Nikalitia katika kopo la plastiki, nikabana kifuniko barabara, nikaliweka kwenye mlango wa friji, nikaridhika kwamba nimejiwekea akiba.

Wiki nne baadaye, Oktoba, mama mmoja akaniagiza mahamri 180 kwa nikaha ya binti yake, Jumamosi adhuhuri. Tulikubaliana euro 90. Ijumaa usiku nikatoa kopo. Kingo za bonge zilikuwa zimegeuka kahawia na ndani kulikuwa na harufu kali ya jibini la zamani. Niliisikia ile harufu. Nikajiambia ndivyo inavyonuka ikikaa. Nikaimega yote kwenye tui, bila kuijaribu, nikakanda kilo tano za unga, makopo sita ya tui, sukari, iliki niliyoitwanga mwenyewe. Nikafunika sinia mbili kwa vitambaa saa tatu za usiku, nikalala kidogo.

Saa saba nikaamka. Unga ulikuwa palepale. Nikaubonyeza kwa kidole: shimo likabaki kama nilivyoliacha, na unga wenyewe ulikuwa baridi na mzito. Saa nane ulikuwa vile vile. Sasa moyo unakwenda mbio, mume wangu yuko zamu ya usiku, na mimi peke yangu jikoni na kilo tano za unga uliolala. Nikafikiri unataka joto. Nikawasha jiko la kuokea nyuzi 80, nikaingiza sinia moja. Baada ya nusu saa juu umepata ngozi na pembeni umeanza kuiva. Kilo mbili na nusu zikawa zimekwenda.

Nikakaa chini sakafuni nikalia. Sikulilia unga. Nilikuwa namuona mama wa bibi harusi akifungua sinia tupu mbele ya wageni.

Mtaa wa pili kuna duka la mkate la familia. Nilijua taa ya nyuma huwaka usiku kwa sababu mume wangu huipita akirudi kazini. Saa kumi kasorobo nikavaa koti juu ya dera, nikachukua lile kopo lililobaki na mabaki kidogo, nikaenda kupiga hodi mlango wa nyuma. Akafungua mzee mwenye aproni, mikono nyeupe unga mpaka kwenye viwiko. Kijerumani changu kilikuwa bado kinachechemea, na usiku ule kilichechemea zaidi. Nikamuonyesha kopo. Akafungua, akanusa mara moja, akalitupa kopo lote kwenye taka bila kuniuliza. Kisha akaingia ndani, akakata kipande kutoka bonge jipya, akakipima, gramu 80, akakifunga kwa karatasi na kunielekeza. Pesa hakuzipokea.

Alichoniambia ndicho nilichofanya, na nakiandika kwa sababu kinaokoa: unga uliolala kwa sababu hamira imekufa haujaharibika. Iyeyushe hamira mpya kwenye maji au maziwa kidogo ya vuguvugu, utandaze unga, umwagie, unyunyizie unga mkavu, ukunje, ukande upya mpaka maji yote yameingia. Kwa kilo mbili na nusu ilinichukua karibu saa nzima, na mikono ilikufa ganzi. Lakini saa moja asubuhi sinia ile ilikuwa imejaa mpaka kitambaa kimenyanyuka. Nikakaanga mahamri 92. Nikampigia simu mama wa bibi harusi kabla hajanipigia yeye, nikamweleza ukweli na kumrudishia euro 45. Alinijibu kwa upole, "Hayo 92 yatatosha, mwanangu, usijitie dhiki." Sijausahau upole ule.

Jumatatu nilirudi kwa mzee na sahani ya mahamri. Akala moja amesimama, akauliza ni kiungo gani, nikamwambia iliki. Tangu siku hiyo nimemuuliza maswali mengi kuliko aliyowahi kuulizwa na mteja yeyote, nadhani, na hakuchoka.

Kwanza alinieleza kwamba hamira ni jamii ya kuvu iliyo hai, na gramu moja ina chembe hai kama bilioni 10. Ziko hai hata ndani ya friji. Zinapumua, zinatumia akiba yao, na zikikaa kwenye joto zinatoa joto lao wenyewe mpaka bonge zima linajipika taratibu. Ndiyo maana mahali pake ni nyuzi kati ya 2 na 6, ndani kabisa kwenye rafu ya chini, na wala si kwenye mlango unaofunguliwa mara ishirini kwa siku. Kulibana kwenye kopo lisilopitisha hewa pia ni kosa, unyevu unakusanyika juu yake na kuvu nyingine zinaota. Iache kwenye karatasi yake, au ifunge kwa karatasi ya kuokea, kisha uiweke katika chombo chenye kifuniko kilichokaa tu bila kubanwa. Iweke mbali na nyama mbichi na vitunguu. Ambayo haijafunguliwa, fuata tarehe iliyoandikwa. Ikishafunguliwa mimi naihesabia wiki moja, na nikiona inameguka vizuri naiongezea siku chache, si zaidi.

Kuitambua si kazi. Nzuri ina rangi moja, inavunjika kwa mkato, inanukia vizuri. Ukingo uliokauka na kugeuka kahawia kidogo unaweza kuukata ukatumia kilichobaki. Lakini ikiteleza kama sabuni iliyolowa, ikinuka uvundo, au ikiwa na madoa ya ukungu, tupa, hata kama duka limefungwa.

Na kila mara jaribu. Hili silifanyii mzaha tena. Maji au tui la vuguvugu, kijiko cha sukari, hamira imegwe ndani, koroga, subiri dakika kumi. Povu likipanda, kanda unga wako. Lisipopanda umepoteza kikombe cha tui, hukupoteza kilo tano. Uvuguvugu wenyewe Mama huupima kwa tone kwenye kifundo cha ndani cha mkono, kama maziwa ya mtoto: usisikie moto wala baridi. Ukipita nyuzi 50 unaanza kuiua, na tui lililotoka jikoni linapita hapo kwa mbali.

Kisha ukaja mwaka 2020. Mwezi Machi watu walifungiwa majumbani, kila mtu akaanza kuoka mkate, na rafu za unga na hamira zikawa nyeupe. Friji la pembeni ya siagi lilibaki na kibandiko cha bei tu. Ramadhani ilikuwa inakaribia, ilianza tarehe 24 Aprili, na huku kaskazini tungefuturu karibu na saa tatu za usiku, wageni hakuna, msikiti umefungwa. Nilitaka angalau mahamri ya Idd yawepo.

Nilipata vipande vitatu katika duka la Waturuki. Nikafurahi, nikavitia friza vyote kama vilivyo. Wiki ya pili ya Ramadhani nikatoa viwili, nikaviweka kwenye sahani juu ya meza viyeyuke. Niliporudi nikakuta uji wa kahawia umetapakaa sahani nzima. Nikikumbuka lile kopo la 2019, sikutaka hata kunusa. Nikamwaga kwenye sinki.

Niliumia kweli nilipokwenda kwa mzee, barakoa usoni, akaniambia ile hamira huenda ilikuwa nzima. Ikigandishwa, baadhi ya chembe hupasuka na maji yake hutoka, kwa hiyo ikiyeyuka huwa majimaji. Ndivyo ilivyo. Sehemu kubwa bado hai, ila inabidi uitumie papo hapo. Kwa hiyo usiitoe mapema na kuiacha mezani. Itumbukize ikiwa bado imeganda kwenye tui la vuguvugu pamoja na sukari, na ongeza kidogo kufidia zilizokufa. Kabla ya kuigandisha ikate kwanza vipande vya kipimo chako, kila kimoja na karatasi yake na tarehe yake. Vyangu sasa ni vya gramu 21. Miezi mitatu ndiyo mwisho wangu, na iliyoyeyuka hairudi friza. Unga unaotoka kwa hamira ya friza hulegea kidogo, nami huukanda kwa tui pungufu.

Mzee alikuwa akiwauzia watu wa mtaa gramu 50 kila mmoja, zaidi hakutoa, ili iwafikie wengi. Hapo ndipo nilipojifunza kuinyoosha. Chukua hamira ndogo kama punje ya mbaazi, gramu mbili hivi, ichanganye na unga gramu 200 na maji gramu 200, funika, acha usiku kucha jikoni. Asubuhi mchanganyiko umejaa mapovu, na chembe zimezaana zenyewe. Huo ukautia kwenye kilo yako ya unga, ukaupa muda mrefu, saa nne au tano, mahamri yanafura. Ladha yake ina uchachu mdogo ambao binafsi naupenda kuliko ule wa haraka. Kabla hujakata madonge, mega kipande cha unga sawa na ngumi ya mtoto, kiweke kwenye bakuli ndani ya friji, na kitakuumulia unga wa kesho kutwa.

Nilimuonyesha Mama kipande hicho kwenye simu ya video. Akanyamaza. Kisha akasema, "Hicho ndicho alichokuwa akikiweka bibi yako kwenye bakuli la udongo. Akikiita mama wa unga." Sikuwahi kusikia. Mkebe wa maziwa ulikuwa umeingia nyumbani kwetu kabla sijazaliwa, na mama wa unga akawa hana kazi. Siku ya Idd, Jumapili tarehe 24 Mei, tulikula mahamri ya hamira ya punje ya mbaazi, sisi wawili tu mezani, na Mama kwenye simu akila yake Mombasa.

Kwa walio nchi nyingine, niliyoyasikia kwa ndugu ni haya. Binamu yangu wa Malmö hununua vipande vya gramu 50 kwenye friji la duka lolote, na huko wana aina maalumu ya unga mtamu, ambayo kwa mahamri ndiyo ya kuchukua. Rafiki yangu wa Uingereza huiomba kwenye kaunta ya mikate ya duka kubwa au kwa muoka mikate wa mtaani, kwani rafuni haionekani kirahisi. Walioko Marekani husema ni taabu kidogo, ila wakati mwingine hupatikana kwenye friji karibu na siagi, vipande vya kama gramu 57. Popote ulipo, mahali pa kwanza pa kuuliza ni kwa anayeoka mkate usiku. Yeye huletewa mpya mara kwa mara, na hamira iliyoletwa juzi ina thamani kuliko akiba ya mwezi.

Desemba 2022 nilikwenda nyumbani, na nikataka Mama aione kwa macho. Nikafunga vipande vinne kwa karatasi, kisha gazeti, kisha taulo, pamoja na pakiti mbili za barafu ya jeli, nikatia kwenye sanduku la mzigo. Safari ilichukua karibu siku nzima pamoja na kungoja ndege ya kuunganisha. Barafu iliyeyuka zamani. Mombasa joto la Desemba mnalijua. Vipande vitatu vilikuwa vimelegea na kunata kwenye karatasi, vinanuka. Nikavitupa kabla hajaviona. Cha katikati kabisa kilikuwa laini lakini kilimeguka.

Mama akakichukua kiganjani, akakinusa, akakigeuza. "Hii haifiki kesho," akasema. Ilikuwa saa nne za usiku na mimi sijaoga bado. Akaleta nazi. Nikatia hamira kwenye tui, tukakaa tukilitazama bakuli mpaka povu likapanda, kisha tukakanda, yeye upande wake wa sinia na mimi wangu, tukazungumza mpaka kitambaa kikanyanyuka. Akaubonyeza unga kwa kidole, akangoja. Shimo likarudi taratibu.

"Bandika karai," akaniambia.